Mashine Iliyonukia Maandazi

Uvumi wenyewe ulikuwa huu: kule Maneromango mashine ya kusaga haitumii dizeli tena. Inatumia mafuta ya watu.

Sajini Petronila aliusikia kwanza sokoni Kibaha, kwa muuza mchicha, akaupuuza. Akausikia tena kwenye foleni ya sabuni, kwa mwanamke aliyeapa kwamba shemeji yake kaona kwa macho yake mawili. Mwishowe akausikia nyumbani kwake, mezani, kwa binti yake wa darasa la pili.

"Mama, mtu mzima mmoja anatosha kusaga debe ngapi?"

"Kula ugali wako."

"Lakini mama, akiwa mnene?"

"Nimesema kula."

Mtoto akala. Lakini asubuhi, Petronila akifunga mkanda wa sare, swali lile lilikuwa bado linazunguka naye chumbani kama nzi.

Kituoni alimkuta Inspekta Laurean anamsubiri na jalada mkononi. Mwaka ule wa themanini na mbili kituo hakikuwa na sabuni, betri wala karatasi, lakini kesi hazikupungua.

"Maneromango," Laurean alisema. "Mzee amepotea, mwendesha mashine amekamatwa, na kijiji kimeshatoa hukumu. Tumemleta huku Kibaha kwa sababu kule wangemchoma moto. Wenzako wote wamesema wanaumwa."

"Wanaumwa nini?"

"Hofu. Nenda kamhoji."

Mtuhumiwa aliitwa Kasiani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mikono yake ina weusi wa grisi usiotoka hata kwa majivu. Aliposikia viatu alisimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa." Petronila alitandaza mezani shati kuukuu la buluu lenye mistari myeupe. Lilikuwa limelowa mafuta, na upindo wake wa chini umechanwa. "Hili la nani?"

"La Mzee Wilbrod."

"Ambaye haonekani."

"Ndiye huyo."

"Mgambo walilikuta kwenye mashine yako, linachuruzika mafuta. Lilifikaje?"

"Alinipa mwenyewe. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kuchujia, kanga za mke wangu nimezimaliza. Akalivua palepale. 'Chukua mwanangu, hili limeshazeeka kuliko mimi.' Akarudi kwake kifua wazi, anacheka."

"Kuchujia nini?"

Kasiani alitazama mlango kabla ya kujibu. "Mafuta ya mbono kaburi."

Petronila aliijua mibono hiyo. Kila mtu wa Pwani anaijua. Watu huipanda juu ya makaburi ili pasisahaulike, na kwenye ua kwa sababu ina sumu, na mbuzi haigusi.

"Hapa hapa Kibaha, kwenye karakana moja, walitufundisha," Kasiani alisema. "Dizeli ya mgao inakwisha wanawake hawajasaga hata nusu. Basi naponda mbegu, nakamua, naacha mafuta yatulie siku kadhaa, nachuja, nachanganya. Sehemu tatu dizeli, moja mbono. Asubuhi naiwasha kwa dizeli tupu. Ikishapata moto naipa mchanganyiko. Jioni kabla ya kuizima nairudishia dizeli tupu, isilale na uzito kooni. Zamani ilikuwa inakohoa moshi mweusi mpaka unga unapata masizi. Sasa moshi huuoni, na dizeli ile ile inasaga zaidi."

"Watu uliwaambia?"

"Niliwaambia. Walikuwa wananitania. 'Kasiani, leo umeinywesha marehemu gani?' Mke wangu akienda kuokota mbegu makaburini wanamwambia atusalimie wazee. Ulikuwa utani, afande. Mpaka Mzee Wilbrod alipokosekana. Hapo utani ukageuka ushahidi."

Petronila alilinyanyua shati, akaligeuza nje ndani. Hakuona doa la damu. Kwenye nyuzi yalinasa maganda meusi ya mbegu, madogo kama kucha za mtoto.

"Na hii harufu ya kukaanga wanayoisema wote?"

"Hiyo ndiyo inayonishinda." Kasiani aliinama mbele. "Mbono una harufu yake, kila aliyesaga kwangu anaijua. Lakini ile siku moja mashine ilinukia maandazi. Maandazi kabisa! Watu hawajaonja mafuta ya kula miezi, halafu hewa nzima inanukia kukaanga. Wanawake waliacha mahindi wakakimbia. Hata mimi niliizima nikaitazama."

"Siku gani hiyo?"

"Kesho yake baada ya mgao wa mafuta ya kula. Na siku ya mgao ndiyo Mzee Wilbrod alionekana mwisho. Alileta dumu lake kwenye foleni."

"Foleni inapita wapi?"

"Ukutani kwa mashine yangu. Duka la kijiji liko ubavuni."

Petronila alilikunja shati. "Kasiani, Wilbrod yuko wapi?"

"Ningejua, afande, ningekwenda kumfuata kwa magoti. Bila yeye mimi nimekwisha."

*

Land Rover ya polisi iliendeshwa na Adamu, mtu wa bara aliyependa kuimba akiwa njiani. Walipopita Mlandizi aliukatisha wimbo.

"Afande, nikwambie ukweli? Dizeli niliyopewa ni ya kwenda."

"Na kurudi?"

"Kurudi waliniambia nimwombe Mungu."

Walifika Maneromango jua likiwa juu. Petronila aliijua mashine kabla hajaonyeshwa: mlango wake ulikuwa umepakwa matope, na mbele yake uwanja mtupu, hata kuku hawakupita. Nyumba za jirani zilisikika zikitwanga. Kijiji chenye mashine nzima kilikuwa kimerudi kwenye vinu.

Margareth, mke wa Kasiani, alikuwa ameketi peke yake kizingitini, mikono mapajani. Alipoona sare alisimama, akatoa kigoda, akakifuta kwa kanga.

"Karibu, mama. Usipokaa sitachukia. Wengine hawakai."

Petronila alikaa. "Maji ya kunywa yapo?"

Margareth alimtazama kidogo, kisha akaenda mbio kuyaleta. Alisimama na kuangalia mpaka kikombe kilipokwisha.

"Wewe ni wa kwanza," alisema.

"Nionyeshe mafuta ya mashine."

Ndani kulikuwa na madumu mawili ya njano. La kwanza lilikuwa na mchanganyiko uliobaki. La pili, karibu limejaa, lilifungwa kitambaa mpinioni: utepe wa buluu wenye mistari myeupe.

"Hili ni la mbono tupu," Margareth alieleza. "Huwa linatulia nje pale ukutani, linapigwa jua. Kasiani alilifunga ule utepe makusudi, ili mtu asije akadhani ni mafuta ya kula. Ukiona shati la Wilbrod, ujue ni la mashine. Tuliwaambia watoto wote wa jirani."

"Aliliingiza ndani lini?"

"Kesho yake baada ya mgao. Akachanganya, akawasha, ndipo ikanukia vile."

Petronila alifungua kizibo, akanusa. Akanusa tena. "Wewe mgao wako umebaki?"

"Chupa moja. Nani ana hamu ya kukaanga?"

"Lete. Na ubandike kikaango jikoni."

Walisimama jikoni kando ya moto. Petronila aliangusha matone ya chupa upande mmoja wa kikaango, na matone ya dumu upande wa pili. Yote mawili yaliruka, yakachemka, yakanukia sawasawa. Nje ya ua mtu alisema kwa sauti ya woga, "Wameanza tena," na miguu ikakimbia.

"Haya ni mafuta ya kula," Petronila alisema. "Mumeo aliinywesha mashine mafuta ya mgao."

"Haiwezekani! Utepe ule pale."

"Madumu ya mgao mnayaachaje?"

"Kama kila mahali, mama. Dumu lako likiwa kwenye mstari ni kama wewe mwenyewe umesimama. Mtu hagusi dumu la mwenzake, ni mwiko. Muuzaji anajaza kwa kufuata mstari, wenyewe tunakuja kuchukua jioni."

"Mtu anatambuaje lake?"

"Kila mtu ana alama. Mimi nafunga kamba ya katani. Mwingine anafunga—" Margareth aliutazama tena ule utepe.

"Mzee Wilbrod anafunga nini?"

Mwanamke alikaa chini jikoni palepale. "Macho yake hayaoni vizuri. Alichana upindo wa shati lake, akafunga. Kabla hata hajatupatia hilo shati."

Basi ikawa wazi. Madumu mawili ya njano kwenye ukuta mmoja, yamefungwa nguo moja. Mzee alikuja jioni, wenzake wameshachukua yao, akapapasa mpaka akagusa kitambaa anachokijua. Akabeba. Asubuhi Kasiani akaingiza ndani lililobaki.

"Hakuna aliyesagwa hapa," Petronila alisema. "Wilbrod alikwenda nyumbani kupika. Anakaa wapi?"

*

Aliyewaongoza alikuwa mgambo Gregori, kijana mrefu mwenye kofia ya jeshi na kandambili. Njiani alieleza kwamba Mzee Wilbrod hakai kijijini. Ile Operesheni ya kuhamia vijijini ilipowaleta wote barabarani, naye aliletwa. Akakaa msimu mmoja, akarudi kulekule mahameni kwa sababu mkewe amezikwa kule.

"Mlimtafuta kwake?" Petronila aliuliza.

"Sana, afande! Kikosi kizima."

"Mkaingia ndani?"

"Aa, ndani hapana. Tuliita kutoka njiani."

"Kwa nini?"

"Nyumba ya mtu aliyechukuliwa na mumiani akakamuliwe mafuta, afande, nani atangulie?" Alicheka kidogo, akaona wenzake hawacheki. "Hakuitika. Na mlango ulikuwa umefungwa."

"Kwa kufuli?"

"Kufuli Mzee Wilbrod atalitoa wapi? Anafunga kwa komeo tu."

"Komeo liko nje?"

"Hapana, liko n—"

Gregori alisimama. Kandambili moja ikamvuka mguuni, hakuiokota.

"Ndani," alisema.

Petronila alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mahame yale yalikuwa na misingi ya nyumba bila nyumba, mikorosho isiyopaliliwa, mafiga ya majiko yaliyoota nyasi. Katikati ilisimama nyumba moja ya udongo, na pembeni kaburi moja lililozungushiwa mibono, limefagiwa. Adamu na Gregori walipiga mlango kwa bega. Haukufunguka wote. Kulikuwa na kitu nyuma yake.

Alikuwa Wilbrod. Alilala kizingitini, mkono mmoja umenyooka kuelekea kwenye komeo. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Mtungi ulikuwa mtupu umelazwa ubavu. Harufu ilitosha kueleza alivyoharisha na kutapika mpaka nguvu zikamwisha. Lakini alikuwa anapumua.

Petronila alipiga magoti, akamtilia maji ya chupa aliyokuja nayo kwa pembe ya leso yake, tone kwa tone.

"Mzee. Mzee Wilbrod. Mimi ni polisi. Umekula nini?"

Macho yalimtafuta. "Maandazi."

Yalikuwa mezani, ndani ya beseni lililofunikwa sahani. Beseni lilikuwa limejaa.

"Uliyapika yote haya uyale peke yako?"

"Nilisema..." Alivuta pumzi. "Mafuta yamepatikana. Nilisema harufu itawaleta wageni."

Gregori alikuwa ametazama nje.

"Walikuja," mzee aliendelea. "Njiani pale. Niliwasikia. Walikuwa wananililia, wanasema nimesagwa. Nikawaambia, jamani, niko hapa. Sauti haikutoka."

Gregori alivua kofia yake.

*

Walimbeba kwa kitanda chake mpaka kijijini. Adamu alichungulia tangi la Land Rover, akatikisa kichwa.

"Hospitali ya wilaya iko Kisarawe, afande. Hili gari halifiki hata mlimani."

"Margareth," Petronila alisema, "leta dumu la mchanganyiko."

Adamu alirudi nyuma. "Yale? Mimi sitii yale kwenye gari ya serikali."

"Adamu, nimeshakueleza yalivyo. Dizeli na mafuta ya kula tu."

"Najua, afande. Akili inajua. Mikono ndiyo inakataa."

Margareth hakusubiri. Alichuja mchanganyiko kwa ncha ya kanga aliyoivaa, akamimina mwenyewe, bila kumwaga tone. Injini ilikuwa bado ina moto. Ilishika mara moja, ikanguruma laini kuliko ilivyokuja. Moshi haukuonekana, ila harufu ilijaa kijiji kizima, tamu, ya sikukuu. Watu waliokuwa wamekusanyika wakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

"Huyu hapa!" Petronila aliwapigia kelele. "Wilbrod huyu hapa, mzima! Njooni mwoneni!"

Hakuna aliyekuja. Waliona gari ya polisi, wakaona mtu amelazwa, wakanusa. Iliwatosha.

Gari lilikwenda vizuri. Gregori alipanda mbele na Adamu; Petronila alikaa nyuma, kichwa cha mzee mapajani, akimtilia maji. Aliongea naye asilale. Alimuuliza juu ya mkewe, juu ya mikorosho. Mzee alijibu neno moja moja. Walivuka kijito, wakapanda, wakashuka bonde lenye udongo wa mfinyanzi, na mvua ya juzi ilikuwa haijakauka. Gurudumu la nyuma likazama. Adamu alikanyaga mafuta, likazama zaidi.

Juu kidogo ya barabara kulikuwa na nyumba nyingi, moshi wa kupikia, watoto wakicheza. Gari likikwama sehemu zile watu huja bila kuitwa. Wanaume huvua mashati, watoto hushangilia, linatoka kabla dereva hajashuka.

"Jamani, hodi!" Petronila aliita. "Tuna mgonjwa! Tusaidieni kusukuma!"

Wanaume walitoka kweli, wakashuka nusu ya njia. Kisha upepo ukageuka. Mmoja wao alinusa, akashika mkono wa mwenzake.

"Ndilo lile," alisema. "La Maneromango. Linanukia."

"Na mtu yumo ndani! Mmeona miguu?"

"Ni mgonjwa!" Gregori alilia. "Mimi Gregori, mgambo, mnanijua! Kasiani hana kosa! Ni mafuta ya kula tu, walai!"

Mama mmoja aliwazoa watoto wake wawili kwa mpigo mmoja, mmoja kila kwapa. Milango ikafungwa. Bondeni kulisikika makomeo, nyumba baada ya nyumba, mpaka ya mwisho kule juu.

Petronila alimlaza mzee juu ya kitambaa, akashuka. Walikuwa watatu tu. Walichimba kwa jembe la gari na kwa mikono, wakatandika matawi, wakasukuma, likateleza, wakachimba tena. Gregori alisukuma huku analia, matope mpaka kifuani.

"Ningekuwa ndani ya moja ya nyumba zile, afande," alisema, "na mimi ningefunga."

Gari lilipotoka hatimaye, Petronila alipanda nyuma na kikombe cha maji. Alikiweka kwenye midomo ya mzee. Maji yakatoka pembeni. Akatilia tena. Kisha akaweka kikombe chini.

"Twende?" Adamu aliuliza kutoka mbele.

"Twende," alisema. "Lakini usikimbize."

*

Kasiani aliachiliwa. Petronila alimrudisha Maneromango mwenyewe, ili waseme wamemwona na polisi bila pingu. Watu walisimama mbali. Wilbrod alikuwa amezikwa mahameni, karibu na mkewe, na mazishi yake yalijaa.

Sajini aliosha matope ya mlango wa mashine kwa maji na gunzi. Mlango ulipokauka aliomba chaki kwa mwalimu wa shule, akaandika kwa herufi kubwa, kila mtu asome, na asiyejua asomewe na mwanawe:

Usitie mafuta ya mashine kwenye dumu la kula, hata likiwa na alama.

Usiweke mafuta ya mbono nje, wala karibu na foleni ya duka.

Usichukue dumu bila kulifungua na kulinusa, hata kama ni lako.

Usikaangie mafuta usiyojua yametoka wapi, hata yakinukia vizuri.

Usiwaache watoto wachezee mbegu za mbono.

Usimwache mzee apike na kula peke yake siku ya mgao.

Usiite hodi kutoka njiani ukaondoka.

Usimweleze mtoto habari ya mumiani uliyosimuliwa na shemeji wa mtu.

Usikimbie gari lililokwama.